Vueni Viatu, Hapa Panaanikwa Dagaa

Walipokanyaga dagaa wangu nilivumilia. Walipocheka pamoja ndipo nilipochoka.

Katibu wa chama kipya alikuwa amesimama katikati ya sehemu yangu ya kuanikia, na viatu vyake vya soli nene, kipaza sauti mkononi. Tangu asubuhi nilikuwa nikimwambia avue viatu. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa sauti, sasa nikamwambia mbele za watu: "Kaka, vua viatu au shuka kwenye jiwe." Akaniinamia kama mtu anayemwinamia mtoto aliyemwaga uji, akanijibu ndani ya kipaza sauti ili ufukwe mzima usikie:

"Dada yangu, dagaa wanaanikwa popote. Demokrasia ndiyo haina pa kuanikwa!"

Vijana wake wakacheka, na hilo nililitegemea. Nikageuka kumtazama mzee balozi, mjumbe wa nyumba kumi wa kile chama kikongwe. Alikuwa upande wa pili wa jiwe, chini ya bendera yake, na tangu asubuhi alikuwa hajakubaliana na yule kijana hata kuhusu ni saa ngapi. Naye anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Watu wawili waliokuwa wakibishana tangu vyama vingi viruhusiwe, na jambo la kwanza walilokubaliana ni kwamba mimi ni kichekesho.

Nikamkaza mwanangu mgongoni, nikafunga upya fundo la khanga kifuani, nikaelekea kwenye milingoti.

Asiyeijua Mwanza anaweza kushangaa watu wagombanie jiwe. Mawe tunayo, tena nyumba zetu ndizo zimebanwa katikati ya mawe na si mawe katikati ya nyumba. Lakini jiwe la kuanikia dagaa ni kitu kingine. Liwe bapa. Liwe limeinama kidogo kuelekea ziwani ili maji yasituame. Lipigwe na jua tangu asubuhi, na liwe karibu na pale mitumbwi inapofika alfajiri ikitoka kuvua kwa taa za karabai. La namna hiyo, pale mtaani kwetu Pasiansi, tulikuwa nalo moja tu, pana, jeusi, limelala kama mgongo wa kiboko. Ukianika dagaa juu ya mchanga wanakauka na mchanga wao. Mnunuzi akitafuna mmoja anatema, na gunia zima linaishia kusagwa kuwa chakula cha kuku. Dagaa wa kwenye jiwe wanaliwa na watu. Wangu waliliwa na watu, na nilikuwa naringa kwa hilo. Mpaka leo naringa.

Kwa hiyo jiwe lina adabu yake. Hakuna anayepanda na viatu. Unaviacha chini, mchangani, kama unavyoviacha mlangoni kwa mwenye nyumba. Asubuhi unafagia sehemu yako kwa ufagio ambao haufanyi kazi nyingine yoyote, unamwagia maji ya ziwa, unangoja likauke, ndipo unamwaga dagaa na kuwatandaza kwa kiganja. Mpaka wako na wa jirani ni mstari wa vikokoto ambavyo mtoto angeweza kuvipiga teke, na miaka yote sikusikia mtu aliyevisogeza. Wanaume wenyewe, wavuvi wenye midomo michafu, walikuwa wakifika pale wanavua ndala kabla ya kutukana.

Sehemu yangu nilipewa na mama mkwe. Nilipomtoa mtoto nje mara ya kwanza, yeye ndiye aliyemchukua, akatembea naye mpaka jiweni, akamsimamisha juu ya ile sehemu na miguu yake laini, akaniambia: "Mayu, mimi magoti yamekwisha. Hapa sasa ni penu." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Kabla ya siku hiyo aliniita "binti uliyesoma," na hakuwa ananisifu.

Nilikuwa nimesoma kweli. Nilimaliza kidato cha nne, nikafaulu kiasi cha kujua nimekosa nini. Mwaka wa kisa hiki mume wangu alikuwa amepunguzwa kiwandani. Neno walilotumia ndilo hilo, kupunguzwa, kama chumvi kwenye mboga. Siku hizo alikuwa akishona nyavu za watu anapopata za kushona. Uji wa mtoto, mafuta ya taa na kodi ya chumba chetu vilitoka kwenye lile jiwe. Atakayeniuliza kwa nini nilipandwa na hasira namna ile, jibu ni hilo.

Sasa niseme kuhusu vyama, maana nisieleweke vibaya. Redioni vilikuwa vingi, vingine majina yake yalikuwa marefu kuliko orodha ya wanachama wake. Lakini huku kwetu vilivyohesabika vilikuwa viwili, na cha tatu cha mtu mmoja.

Cha kwanza tulikiita Chama tu. Hakikuhitaji jina, kama vile baba yako unavyomwita Baba. Nilizaliwa nikakikuta, nikaimba nyimbo zake nikiwa sijaota meno ya mbele. Kwetu Chama kilikuwa na sura ya mzee balozi. Alikuwa na nyumba yenye mlingoti mbele, na usipopita kwake huna ulipopita: umefiwa, unakwenda kwake; umepigwa na mume, unakwenda kwake; mgeni wako amelala kwako, anataka kumjua. Sitamsingizia. Mama mkwe alipougua, yeye ndiye aliyetafuta baiskeli ya kumpeleka hospitali, na hakumdai kitu. Tatizo lake ni kwamba vyama vingi vilipokuja hakuna aliyemweleza kwamba sasa yeye ni balozi wa chama kimoja, si wa nyumba zote kumi. Au walimweleza akaona ni mzaha.

Cha pili tuliwaita Wapya. Nao sitawasingizia. Siku ya mkutano wao wa kwanza nilisimama na ndoo yangu kichwani kwa saa nzima bila kuhisi shingo. Mtu alikuwa anataja kwa kipaza sauti, mchana kweupe, mambo tuliyokuwa tukinong'onezana jikoni: viwanda kupunguza watu, dawa kutokuwepo zahanati, mtu akiuliza anaambiwa ana chokochoko. Nilitazama nyuma nikitegemea kuona polisi. Polisi walikuwepo, na walikuwa wamekunja mikono wanasikiliza. Nilipiga makofi mpaka nikamwamsha mtoto. Katibu wao wa tawi nilisoma naye sekondari, alikuwa darasa moja mbele yangu, na nilijisikia fahari kama ndugu yangu ndiye aliyepanda jukwaani. Kwa hiyo mtu asije akasema mimi ni adui wa vyama vingi. Nilivitaka. Nilivitaka vije, vivue viatu, vipande.

Cha tatu kilikuwa na mzee mmoja mrefu mwenye mkoba wa ngozi. Mwenyekiti alikuwa yeye, na watu walisema katibu ni shemeji yake. Alikuja siku moja peke yake, akasimama chini ya jiwe, akauliza, "Akina mama, naruhusiwa kupanda?" Tukamwambia panda. Akainama, akafungua kamba za viatu, akavua na soksi, akazikunja akaziweka ndani ya mkoba. Akatuhutubia pekupeku kuhusu mambo ya sarafu ambayo hakuna aliyeyaelewa, akashukuru, akashuka, akavaa, akaenda zake. Kicheko alichokiacha nyuma kilidumu mpaka jioni. Nami nilicheka. Baadaye sikucheka.

Wa kwanza kusimika mlingoti juu ya jiwe alikuwa mzee balozi. Alisema ni kwa sababu pale panaonekana kutoka barabarani na kutoka ziwani pia. Ulikuwa mlingoti mfupi, umeshikizwa kwa mawe kwenye ufa wa juu, haumzuii mtu. Tukauacha. Wiki haikupita, Wapya wakasimika wao hatua chache kutoka pale, na wao wakauongeza urefu kidogo. Mzee akaona. Akaunga mti juu ya mti. Vijana wakaleta mwanzi. Ikawa kila tukifika asubuhi tunatazama juu kwanza kuona nani amelala akiwa mrefu.

Sisi tuliokuwa chini tulijua kitu ambacho wenye bendera hawakukijua. Mnandi, wale ndege weusi wa ziwani, na kunguru walikuwa hawana pa kutua karibu na dagaa, ndiyo maana mtoto mmoja na fimbo alitosha kuwafukuza. Sasa walijengewa viti viwili virefu. Walikaa pale juu wakachagua dagaa wa kula kwa raha zao, na walipomaliza kula walifanya kinachofuata baada ya kula, juu ya wale waliobaki.

Tulipomwambia mzee balozi akasema hao ndege walitumwa na upinzani. Katibu naye tulipomwambia akasema wanakaa zaidi kwenye mlingoti wa Chama kwa sababu wamezoea kula bila kufanya kazi. Huyu aliniacha nacheka, nikarudi kufagia.

Kampeni zilipokolea, yakaja ya kadi. Mzee balozi alipita akisema wenye kadi za Chama waanike upande wa juu, karibu na bendera yao, ili picha ikipigwa ionekane. Wapya wakasikia, wakasema basi upande wa jua la asubuhi ni wa wanachama wao. Vikokoto vya mipaka vilianza kusogea. Vilivyokaa mahali pamoja tangu wakati wa mama mkwe vikaanza kutembea usiku kama konokono. Wanawake waliochangiana chumvi na mafuta wakaanza kuangaliana rangi za vitambaa vya kichwani.

Lakini wanawake wa pale si wajinga. Jirani yangu wa jiwe, mama wa mapacha, alikuwa na kadi zote mbili, moja kila upande wa sidiria. Upande wa moyo Chama, upande mwingine Wapya. Mjumbe akija anajua mkono uende wapi. Siku moja mzee balozi alimjia ghafla, mama mapacha mikono imejaa dagaa, akachanganyikiwa, akachomoa kadi ya upande usio wenyewe. Mzee akaisoma polepole, akamrudishia.

"Mama mapacha," akasema, "hata kadi unazaa mbili mbili?"

"Shikamoo mzee," akajibu mama mapacha, sura haijatikisika. "Moja ni ya mume wangu."

"Mbona ina jina lako?"

"Ananipenda sana, mzee."

Tuliangua kicheko mpaka tukakaa chini. Mzee mwenyewe alicheka. Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Mimi sikuchukua kadi yoyote. Si kwamba nilikuwa mtakatifu. Ni kwamba mstari wangu wa vikokoto nilipewa na mtu, mbele ya mtoto wangu, na sikuona karatasi ya chama inaingiaje hapo. Nikiulizwa kadi nilijibu, "Kadi ninayo ya kliniki. Mtoto amepata chanjo zote. Unataka kuiona?" Kwa jibu hilo nikasukumwa chini, karibu na maji, mahali ambapo wimbi likikasirika linakuogeshea dagaa.

Basi siku ile. Chama kilikuwa na mkutano asubuhi, Wapya mchana. Walikubaliana hivyo, nasikia hata polisi walijua. Lakini msafara wa mgombea wa Chama ulichelewa, na wa Wapya ukawahi, na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Upande huu ngoma, upande ule kipaza sauti cha betri. Watu wakapanda jiwe kutoka pande zote na viatu, na raba, na mabuti ya mvua, na kina baba wawili na baiskeli zao. Dagaa walikuwa wametandazwa tangu alfajiri, wameanza kung'aa. Wanawake wengine waliokota walichoweza wakakimbia. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na mzigo mwingi kuliko wote, maana mitumbwi ilipata sana siku hiyo. Nilisimama katikati nimetandaza mikono kama mtu anayezuia ng'ombe, nasema vueni viatu, vueni viatu, hapa panaanikwa dagaa. Walipita kushoto na kulia kwangu. Halafu ile ya demokrasia haina pa kuanikwa, na kile kicheko.

Shuleni nilikuwa kiranja wa bendera. Niliipandisha asubuhi na kuishusha jioni, mwaka mzima, na mwalimu wa zamu alikuwa akitupiga endapo pembe imegusa vumbi. Kwa hiyo nilipofika kwenye milingoti ile sikuhangaika. Nililijua fundo. Nikaanza na ya Chama kwa sababu ndiyo ilitangulia kufika pale, hiyo ni haki yake. Nikaishusha taratibu, nikaipokea mkononi, nikaikunja pembe kwa pembe, nikaiweka juu ya beseni langu safi nililoligeuza. Ngoma ikanyamaza. Nikaenda kwenye ya Wapya. Kijana mmoja akanishika mkono, nikamwangalia, mwanangu naye akamwangalia kutoka begani kwangu, akaniachia. Nikaishusha, nikaikunja vilevile, nikailaza juu ya mwenzake. Ukiwa mbali usingejua ipi ni ipi.

"Umekivunjia Chama heshima!" mzee balozi akapiga kelele.

"Shikamoo, baba. Sijaitupa. Iko pale, imekunjwa, haina vumbi. Dagaa wangu wako chini ya kiatu chako."

Akatazama chini. Walikuwepo kweli, wamebanwa kwenye soli.

"Huwezi kugusa mali ya chama," akasema katibu, bila kipaza sauti sasa.

"Wewe tulisoma wote. Umewahi kuniona naitupa bendera? Basi chukua bendera yako, na wewe baba chukua yako, mhutubie barabarani, mnaonekana vizuri tu. Hapa vueni viatu au shukeni."

Nikashika ufagio. Nilianza juu kabisa, kwenye milingoti, nikafagia kuteremka, na sikumkwepa mtu. Aliyekuwa mbele ya ufagio alishuka. Mama mapacha akaja na ufagio wake, kadi zake zote mbili zikiwa kifuani, akafagia sambamba na mimi. Akaja na wa tatu, akaja na wa nne, wa upande wa juu na wa upande wa jua, sikuhesabu tena. Watu wazima, wagombea wa watu, walisukumwa na fagio mpaka mchangani. Kama nina kitu kimoja cha kumsimulia mwanangu akikua ni hicho.

Dagaa wa siku ile walikwenda kwa kuku.

Jioni walikuja nyumbani. Mzee balozi mbele, katibu nyuma, wakipita njia moja kati ya mawe kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Mume wangu akawapa kigoda na ndoo ya kukalia. Walitaka niwaombe radhi, hadharani, kila chama siku yake. Nisipoomba, walisema, wote wawili watanipeleka mbele ya sheria, na jiweni nisionekane tena. Katibu akaongeza kwamba wamekubaliana sehemu yangu wapewe walinzi wa bendera, wa pande zote.

"Kumbe mnaweza kukubaliana," nikasema.

Mume wangu akakohoa. Walipoondoka akaniambia, "Mama mtoto, omba radhi tu yaishe. Neno halivunji mfupa."

Nikamuuliza, nikiomba radhi tutaanika wapi? Akatazama nyavu zake. Si mwoga mume wangu. Ila alishaona kiwandani kinachompata mtu mmoja anayebishana na wakubwa wawili.

Mama mkwe alikuwa kwenye kona muda wote, anasikiliza. Huyu ni mwanachama wa Chama tangu kabla mimi sijazaliwa, khanga zake zote za sanduku ni za mikutano. Nilijua atasema niombe radhi. Akaniuliza:

"Uliikunja vizuri?"

"Pembe kwa pembe, mayu."

"Basi wewe una kosa gani? Umesoma miaka yote ile ya nini? Kesho nenda kaandike. Usiende kuomba, nenda kashitaki."

Usiku uleule niliandika malalamiko na nakala zake, asubuhi nikambeba mtoto nikaenda ofisi ya kata. Mtendaji alikuwa anakunywa chai. Nilimweleza nimekuja kuleta malalamiko. Akauliza dhidi ya chama gani, kalamu tayari, na nikaona uso wake unajiandaa kufurahi au kuogopa, kutegemea jibu.

"Vyote viwili."

Kalamu ikarudi mezani. "Mama, haiwezekani. Ukilalamikia hiki, wewe ni wa kile. Ukilalamikia kile, wewe ni wa hiki. Wewe ni wa nani?"

"Wa jiweni."

"Hii ni siasa. Nenda kwenye vyama vyenu."

"Mzee, lile jiwe ni la chama gani?"

"La... la umma."

"Umma si ndio wewe unaousimamia? Basi andika umepokea."

Akasema mtoto analia, nimpeleke nyumbani. Nikakaa kwenye benchi, nikamnyonyesha palepale mbele ya meza yake, nikamwambia nina siku nzima kwa sababu dagaa wa kuanika sina. Watu waliokuja na shida zao walinikuta pale. Kila mmoja aliuliza kulikoni nami nilieleza upya, tangu mwanzo, kwa sauti. Kabla ya mchana akaomba nimwonyeshe hiyo karatasi. Akaisoma mara mbili. Mahali fulani alicheka kwa pua, akajizuia. Kisha akavuta muhuri, akaupulizia, akaugonga, na kwenye nakala yangu pia akagonga. Ule mlio wa muhuri mwanangu aliupenda, akaacha kulia.

Majibu ya maandishi sijapata hadi leo. Lakini radhi sikuomba, jiweni hakuna aliyenitoa, na milingoti ilihama kabla ya siku ya kura. Iko barabarani, inashindana palepale, na mnandi hawana kazi nayo. Kura nilipiga, mtoto mgongoni, kwenye foleni iliyopinda mpaka nyuma ya shule, kati ya mama mapacha na mzee balozi aliyenipa kivuli cha mwavuli wake. Nilimpigia nani ni siri yangu. Ila niliyoyaandika si siri, na nakala ninayo. Inasema hivi:

Kwa Mtendaji wa Kata.

MALALAMIKO DHIDI YA VYAMA VIWILI KUHUSU JIWE LA KUANIKIA DAGAA

Kichwa cha habari umekisoma, kwa hiyo naingia kwenye jambo.

Mimi ni mwanikaji wa dagaa, mama wa mtoto mmoja anayenyonya, mwenye haki ya kupiga kura. Nalalamika kwamba Chama na Wapya, kwa pamoja na kwa kushindana, wamesimika milingoti juu ya jiwe tunalofanyia kazi, wakaleta ndege, wakasogeza mipaka iliyokuwepo kabla yao, wakawagawa wanawake kwa kadi, na wakakanyaga chakula cha watu kwa viatu.

Bendera zao nilizishusha mimi. Nilizikunja. Sikatai na siombi radhi.

Naomba ofisi yako itamke kwamba lile jiwe ni la kuanikia, kwa mwanamke yeyote, mwenye kadi moja, mwenye mbili na asiye nayo. Kwamba vikokoto virudi vilipokuwa, na mama mkwe wangu aitwe kuonyesha maana yeye anakumbuka. Na kwamba chama chochote kikitaka kuhutubia pale kinakaribishwa, dagaa wakishaanuliwa, na wote wavue viatu, mgombea akiwa wa kwanza.

Tunavipenda vyama vingi. Tunataka vitukute tunakula.

Wako,
Mwanikaji.

Nakala: Mzee Balozi, Chama.
Nakala: Katibu wa Tawi, Wapya.
Nakala: Mwenyekiti wa chama cha tatu, yule wa mkoba. Yeye halalamikiwi. Ni kwa ajili ya kumshukuru.